Matjiesfontein: nimekiona kijumba cha Olive Schreiner, na usiku nikalala palepale kijijini

Kama unapita barabara kuu ya N1 kutoka Cape Town kwenda Johannesburg, Matjiesfontein usiiruke. Ni kijiji cha reli kwenye nusu-jangwa la Karoo, mtaa mmoja tu unaotazamana na stesheni, na kilianzishwa 1884 na Mskoti mmoja, James Logan. Watu wengi wanashuka, wanapiga picha Hoteli ya Lord Milner ya 1899, zile balkoni za nakshi na minara yake, halafu wanaondoka. Hoteli ni nzuri sikatai, ila kwangu ina mbwembwe nyingi.

Mimi nilifuata kijumba alichokaa mwandishi Olive Schreiner, alihamia hapo 1890 kwa sababu ya pumu, hewa kavu ya Karoo ikawa inampa nafuu. Usitegemee jumba la kifahari, ni nyumba ya chini tu, bati juu, veranda mbele, basi. Lakini simama pale mchana jua likiwa utosini ndo utaelewa fundi alikuwa anawaza nini, maana lile bati la veranda linatoka mbele kiasi kwamba ukuta na madirisha vinabaki kivulini, yaani nje unaungua na hatua mbili tu mbele unapumua. Halafu fikiria, Karoo miti ya mbao hakuna, na mabati enzi hizo yalikuwa yanatoka Uingereza kwa meli, so bila reli sijui nyumba kama hii ingejengwaje.

Kulala nilichukua chumba kwenye nyumba za pembeni, sio hoteli kuu. Kitanda safi, dari iko juu, joto halikusumbui. Sema sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga, ukienda chooni usiku nyumba nzima inajua. Na jua likizama bati linaanza kupoa, linagonga ta… ta… juu ya kichwa, mara ya kwanza nilidhani kuna mtu darini jamani.

Beba sweta hata kama mchana ulikuwa wa moto. Jumba la makumbusho la stesheni pia pitia, limejaa vitu vya zamani hadi huoni pa kukanyaga.

Nyota nne. Ya tano imeondoka na treni ya mizigo iliyopita usiku wa manane, ila mpenda treni yeyote atanishangaa.