Pakiti ya kujichanganyia glezi, kwa sie tunaoanza

Mie nafinyanga vyungu vidogo na vyetezo hapa Wete, udongo ni huu huu wetu mwekundu tunaochimba bondeni, bibi yangu ndo alonifundisha, tunachoma kwa makumbi na makuti. Vinatoka vizuri tatizo vinavuja. Ndo nikaagiza mtandaoni pakiti ya kujichanganyia glezi, ule mng'aro wa kioo unaopakwa juu ya chungu.

Ndani mna mifuko minne, feldispa (unga wa jiwe linaloyayuka motoni), silika (unga wa mchanga wa kutengezea kioo), chokaa na kaolini (udongo mweupe), pamoja na karatasi ya vipimo: 40, 30, 20, 10 kwa mpangilio huo huo. Chokaa yenyewe sio ile ya kujengea iliyochomwa, ile inaunguza ngozi, hii ni unga wa jiwe tu. Unga safi, laini, hauna mabonge, hapo sina neno.

Lakini karatasi haisemi moto wa nyuzi ngapi! Hilo limeniuma khaswa. Kumbe vipimo vile vinataka kama nyuzi 1,280 na udongo wetu hauwezi kustahamili moto huo. Mie sijui hili wala lile, nikavipaka glezi ile vyungu sita, nikavifunga kwenye khanga, boti mpaka Unguja kwa jamaa mwenye tanuri la umeme, yeye vipimo anavijua akapandisha moto, udongo hakuuliza na mie sikumwambia. Vimerudi vimelala ubavu, vyengine vimegandana na sahani ya tanuri na ile sahani nikailipa.

Mara ya pili nikanunua friti, yaani kioo kilichokwisha yayushwa kikasagwa, gramu 90 kwa kaolini 10, juu yake gramu 4 za oksidi ya chuma, yaani unga kama wa kutu. Hapo tafuta mizani inayosoma nukta, ya jikoni itakudanganya. Na barakoa usiache wallahi, vumbi la silika likiingia kifuani halitoki. Nikachuja, nikachovya vigae vya majaribio vilivyokwisha chomwa mara moja, kimoja nikahesabu moja, chengine mpaka tatu, chengine mpaka sita, namba nimeziandika nyuma, kitako nikafuta kwa sponji. Moto nyuzi 1,060 tu.

Jamani ile rangi! Asali kabisa, palipo pembamba unaona udongo chini yake, palipojikusanya imekolea kama haluwa. Cha hesabu ya sita kilichuruzika mpaka chini, cha hesabu ya tatu ndo chenyewe.

Pakiti naipa nyota tatu kati ya tano, wangeandika nyuzi ningewapa zote. Vikombe vya kunywea bado sivitoi mpaka nihakikishe glezi haitoi kitu kwenye chai. Ila kile chungu cha maua nilichokichovya kwa hesabu ya tatu nimekijaza maji nikakiweka juu ya gazeti usiku kucha, asubuhi bibi kaliinua gazeti, kalipapasa kwa kiganja, kavu.