Fundi wa matao ya tofali, Nkuhungu

Kama unajenga Dodoma na unataka baraza ya matao, muone fundi huyu wa Nkuhungu kabla hujampa kazi mtu mwingine. Mafundi wengi hapa mjini hukunja nondo na wavu, wakapiga plasta mpaka umbo litokee. Huyu anajenga tao kwa tofali lenyewe na kuliacha wazi.

Nilimpelekea picha za stesheni ya reli ya Toledo, Hispania, kazi ya Narciso Clavería, iliyofunguliwa mwaka 1919. Mtindo wake unatokana na Wamudehari, Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo, ambao mafundi wao walijenga minara na kuta za matofali yaliyopangwa kwa nakshi. Karne ya 19 Wahispania walipotafuta usanifu wa kuuita wao, waliurudia huo. Uwanja wa mchezo wa kupigana na mafahali wa Las Ventas, Madrid, uliofunguliwa 1931, ni wa ukoo huo: tofali jekundu, vigae vya rangi, matao yanayobana miguuni. Naupenda mtindo huu kwa sababu uzuri wake umo kwenye upangaji. Malighafi yenyewe ni udongo uliochomwa, na tanuru hata sisi tunazo.

Fundi alizitazama zile picha kwa muda, akasema, "Mama, hili linabana chini. Fomu ikiwa kipande kimoja haitatoka."

Basi tofali za miguuni akazitokeza ndani kidogo kidogo, na juu yake akakalisha fomu, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba tao wakati linajengwa, aliyoikata vipande viwili na kuikaza kwa kabari. Akapanda nalo kulia na kushoto kwa pamoja, tofali kwa tofali, uzito usielemee upande mmoja. La kileleni aliligonga taratibu kwa mpini wa mwiko mpaka likakaa. Siku ya kutoa fomu alilegeza kabari kwanza, akasubiri, ndipo akavuta mbao. Hakuna ufa.

Jiandae kwa maji. Matofali yote anayaloweka kabla ya kujenga, maana kwa jua letu tofali kavu linanyonya maji ya saruji na kiungo kinabaki unga. Mimi nilileta boza.

Vigae vya ukanda wa juu nilinunua duka moja mjini, na rangi ya boksi hili ikatofautiana na ya lile. Ni yeye aliyeona, akapanga vichache juani nikavitazama, akagoma kubandika hadi nilipobadilishiwa. Kwa hilo peke yake namheshimu.

Ni mpole wa mwendo, na akiwa kazini simu hapokei. Mwenye haraka ya kuhamia atateseka naye. Malipo ni kwa tao, si kwa siku. Mbao za fomu unanunua wewe, na uzitunze, kwa sababu fomu hiyo hiyo ndiyo itakayojenga matao yako yote.