Meli ya kifahari: chumba cha ndani au chenye baraza?

Sisi wa Dodoma bahari tunaifuata kwa treni, kwa hiyo mtu akijichanga mpaka akapanda meli ya kifahari, kishawishi cha kulipia baraza huwa kikubwa. Mimi nilianza na chumba cha ndani. Hakina dirisha, ukizima taa ni giza la ndani ya kihenge, na bila saa hujui kama kumekucha. Ila usingizi wake! Na bei yake ndiyo ya chini kabisa.

Safari ya pili mama watoto alikataa katakata, tukachukua chenye baraza. Asubuhi unasukuma mlango wa kioo, chumvi imeganda kwenye vyuma, chai mkononi, maji mpaka macho yanachoka. Kwa tuliozoea vumbi la Nkuhungu, hapa Dodoma, si haba.

Chakula, bwawa na maonyesho ni yaleyale. Vinywaji vingi na bakshishi mara nyingi hulipiwa kando. Kama kichefuchefu hukushika upesi, tafuta chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Hapo mtikisiko hupungua.

Siku tatu nne, nachukua cha ndani, pesa inayobaki nanunulia pweza bandarini. Wiki nzima, baraza.