Ngao za tuba: miezi 18 ya kuzitumia, na ipi ningeilipia tena

Napuliza tuba, besi kama tunavyoiita, kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu hapa Moshi. Ni ya B flati, mtumba, na bomba lake likinyooshwa lote linafika kama mita 5 na nusu. Ukiacha ibada, kazi yetu kubwa ni harusi. Tunapanda pikapu, tunatangulia gari la maharusi, tunazunguka mji. Kati ya wimbo na wimbo tuba naitua kwenye bati la pikapu, nayo hukalia kona ya chini, ile inayobeba uzito wote.

Shaba ya pale haifiki hata unene wa milimita moja. Yangu ilikuwa imeshapoteza ngao ya kiwandani, yaani bamba linalobandikwa juu ya kona hiyo kuilinda, imebaki michirizi ya lehemu tu. Vanishi ilishaisha, na ukipitisha kidole ulisikia shaba imeanza kulika.

Fundi niliyempata Dar alikata bamba la nikeli silva (jina linadanganya, fedha haimo: ni shaba, nikeli na zinki), akalipinda kufuata kona, akalilehemu kwa bati na risasi. Nikamuuliza kwa nini asitumie lehemu ngumu, ikae milele. Akacheka. "Kaka, hii ni soli ya kiatu. Ikiisha unabandua, unaweka nyingine." Lehemu ile huyeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu, kwa hiyo ngao hutoka bila bomba kuungua. Nililipa shilingi 70,000 na kusubiri wiki tatu, ingawa aliahidi moja.

Mimi nilidhani ngao inazuia kubonyea. Haizuii. Mwezi wa pili tuba iliniponyoka pikapu ilipofunga breki, na kona ikabonyea na ngao yake. Bahati nzuri bomba pale ni pana, sauti haikubadilika kwa sikio langu. Bonde kama lile lingekuwa karibu na mdomo wa kupulizia, kwenye bomba jembamba, noti zingeyumba. Lingegusa valvu, zile za kubonyeza kwa vidole, pistoni ya ndani ingekwama kabisa. Kazi ya ngao ni kuliwa badala ya bomba, na hiyo inaifanya vizuri: leo ina mikwaruzo ya kutisha, na pembeni yake shaba ni ileile.

Ngozi ya kufunika valvu niliinunua kwa sababu jasho la mkono wangu linakula vanishi. Shilingi 45,000, inafungwa kwa vifungo vya kubana, inapendeza, na mkono hautelezi juani. Nikaiacha hapohapo miezi mitano. Siku nilipoifungua nilikuta kutu ya kijani imejipanga chini yake, maana ngozi ilinywa jasho na kulitunza palepale kwenye shaba. Muuzaji hakuniambia neno, na mimi sikuuliza. Sasa naivua kila baada ya shughuli, nafuta valvu kwa kitambaa kikavu, naianika ngozi usiku kucha. Kwa sharti hilo, inafaa. Kama wewe ni mvivu, bora ushike shaba tupu na uifute.

Mpira wa kuzungushia ukingo wa mdomo mpana, pesa ilipotea. Ukingo ule tayari umekunjwa juu ya waya ndani yake, na tuba nyingi za Kijerumani huongezewa mkanda wa shaba au nikeli silva kuuimarisha. Mpira wangu ulilegea, ukawa unazizima kwenye noti za chini kama nyuki ndani ya debe. Niliung'oa katikati ya harusi ya pili.

Anayetaka ngao ya kona ampelekee fundi tuba yenyewe, asitume vipimo. Kabla ya Dar nilishaagiza iliyopindwa tayari, ikaja, na haikukalia popote. Mama watoto anaiwekea sabuni.