Kisu kile kile kwa bei mara sita: uzoefu wangu na Buck 110 ya mpini wa mpingo

Nianze na hesabu, maana hata mke wangu alianzia hapo. Buck 110 ya kawaida nilinunua dukani mwaka 2016 kwa dola 55. Ya pili, ile iliyopitia mikono ya fundi, imenitoka dola 340 bila posta. Ukizilaza mezani zote mbili zimekunjwa, mtu asiyejua visu atakwambia ni mapacha, ila mmoja anatoka harusini.

Ninaishi Minnesota na kazi ya kisu kwangu ni mbuzi. Watanzania na Wakenya wa huku wanajua: Jumamosi mnachanga hela, mnaendesha gari hadi shambani kwa mzungu mfugaji, mnachagua mnyama, mnachinja wenyewe. Kuchinja tunatumia kisu kirefu cha mpini wa plastiki, hicho hakina hadithi. Kuchuna ngozi na kukata viungo ndiko 110 inakoingia.

Kwa asiyeijua, ni kisu cha kukunja cha Kimarekani kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1964, na mpaka leo umbo lake ni lile lile. Ubapa ni kama sentimita 9.5, ncha yake nyembamba, na ukikifungua ubapa unabanwa na kufuli la mgongoni usijikunje, kwa mlio ambao wenzangu wote wanaupenda. Miisho ya mpini ni shaba ya njano, katikati vipande viwili vya mti mweusi. Kina uzito wa gramu 204 hivi. Ukikitia mfukoni suruali inashuka upande mmoja, ndiyo maana kinauzwa pamoja na ala ya ngozi ya kuvaa mkandani. Kiwanda cha Buck kilikuwa California, mwaka 2005 kikahamia Post Falls, Idaho.

Chuma chake ni 420HC, na wapenda visu hukiangalia kama watu wanavyoangalia unga wa sembe. Cha kawaida, rahisi, kimejaa kila mahali. Lakini kiwanda hiki kinajua kukitia moto na kukipoza, kinafika kama 58 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, na mimi kwa miaka mitano sikuwa na ugomvi nacho. Kikianza kuwa butu, dakika kumi kwenye jiwe la bei rahisi kinarudi. Shaba inaacha harufu mkononi na inaota kijani usipoifuta. Basi.

Kwa nini basi nikatafuta kingine? Niseme ukweli, ni kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa naangalia kazi za mafundi wanaochukua visu vya kiwandani na kuvivua nguo, nikaona mmoja anatangaza mpini wa "African blackwood", mti adimu, nyongeza ya dola 90. Nikatazama picha vizuri. Mpingo! Mimi nimekulia Lindi. Mjomba wangu amelea watoto saba kwa kuchonga mpingo. Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaagiza.

Kazi aliyoahidi ilikuwa hivi: anachukua 110 yenye ubapa wa chuma kingine kiitwacho S30V, anabandua vipande vya mpini na kuweka mpingo, anapunguza unene wa ubapa karibu na makali, analainisha kiungo ili kifunguke bila kukwaruza, anachonga herufi za jina langu kwenye shaba, na anashona ala mpya kwa mkono. Wiki nane. Zikawa miezi mitano, na kila nikiuliza najibiwa kwamba kipo kwenye hatua ya mwisho. Hatua ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote.

Kilipofika, sitadanganya, nilikaa nacho sebuleni nikikifungua na kukifunga mpaka watoto wakaniambia baba acha. Kiungo ni laini kama mlango wa gari la bei. Ala ni nzuri kuliko viatu vyangu. Na ule mpingo ukiushika baridi kidogo, mzito, mweusi wenye mistari ya kahawia inayoonekana ukigeuza kwenye mwanga tu.

Sasa mbuzi. Idi ya kuchinja tulikuwa na wawili, nikasema leo ni siku ya mtihani: wa kwanza kwa kisu cha zamani, wa pili kwa kipya. Cha zamani kilinisimamisha mara mbili kwenda kwenye jiwe, ya pili nikiwa nimeshafika kwenye mapaja na mikono imejaa mafuta. Kipya kilimaliza mbuzi mzima bila kuguswa, na mwishoni bado kilikuwa kinanyoa manyoya ya mkono. Rafiki yangu Mkenya aliyekuwa ameshika miguu akasema, "Hiyo si kisu, hiyo ni wembe." Nikaona dola 340 zimerudi.

Hazikuwa zimerudi. Wiki mbili baadaye nilipeleka kile cha zamani kwa mzee anayenoa visu kwenye soko la wakulima, nikamwomba asinoe makali tu, apunguze na unene wa ubapa nyuma yake, kama fundi alivyofanya. Akanitoza dola 25. Safari iliyofuata nikavitumia vyote viwili kwa zamu, na kwa nusu saa ya kwanza nisingeweza kukwambia kipi ni kipi. Ngozi inafunguka sawasawa kwa vyote. Tofauti inakuja baadaye: cha S30V kinakwenda mbele, cha 420HC kinaomba jiwe. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ule "wembe" ilitokana na wembamba, na wembamba ni kazi ya dola 25.

Kuhusu S30V yenyewe, nitakaa kidogo hapa kwa sababu wauzaji wanakupa nusu ya habari. Ni chuma kilichobuniwa na kampuni ya Crucible ya Syracuse, New York. Kina kaboni asilimia 1.45 hivi na vanadiamu asilimia 4, wakati 420HC haifiki hata asilimia moja ya kaboni. Ile vanadiamu ikiungana na kaboni inatengeneza punje ngumu sana ndani ya chuma, na hizo ndizo zinazozuia makali yasilike upesi. Nusu nyingine ya habari ni kwamba punje hizo ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea. Siku makali yalipokwisha nilikaa na jiwe langu saa nzima, nasugua, natema mate, nageuza, na kisu kinanitazama tu. Ikabidi ninunue vibao vya almasi, dola 60 nyingine. Tangu hapo kinanoleka, lakini kwa subira. Na nilipokipindisha kidogo kwenye kiungo cha goti, makali yakamenyeka kijipande kidogo karibu na ncha. Kosa langu, kisu hakikutengenezwa kufanya kazi ya shoka. Ila cha zamani nimekifanyia ujinga huo huo mara nyingi na kilichotokea ni makali kujikunja, nikayanyoosha.

Kero moja inavihusu vyote viwili: kisu cha kukunja na mafuta ya mbuzi havipatani. Mafuta yanaingia kwenye kiungo, damu inakauka humo, na usipokiosha kwa maji moto siku hiyo hiyo na kukitia tone la mafuta, kesho yake kina harufu ya bucha. Hela ya fundi haikuondoa hilo. Kama unachuna kila wiki, nunua kisu kisichokunjwa.

Nirudi kwenye mpingo. Februari yangu ya kwanza nacho, nje baridi ya kufa mtu, ndani jiko la kupasha nyumba joto linakausha hewa mpaka midomo inapasuka, nikaona mstari kama unywele umeanzia kwenye ribiti ya mpini. Wiki iliyofuata ukucha uliweza kuingia. Nikamwandikia fundi na picha tatu. Akajibu kwamba mti ni kitu hai. Dhamana ya kiwanda nayo haihusu kisu kilichobadilishwa na mtu mwingine, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na ufa wangu.

Desemba nikasafiri nyumbani, nikakitia kwenye begi la chini pamoja na 110 mpya ya kawaida, zawadi ya mjomba. Siku hizi ana kibanda Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachongaji. Shikamoo, marahaba, soda zikaja, nikamkabidhi kile cha bei aone. Ubapa hakuutazama kabisa. Alilowesha kidole gumba kwa mate akasugua mpini, akaangalia kidole kama kimechafuka. Pale Mwenge wapo wanaopaka mti mweupe kiwi ya viatu wakauza kwa jina la mpingo. Kidole kilikuwa safi.

"Ni wenyewe," akasema. "Lakini mjomba, huu uliwekwa haujakauka. Shilingi ngapi?"

Nikamtajia mpini peke yake, dola 90. Akaita majirani. Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kufikia umri wa kuvunwa, na tangu 2017 jamii yake nzima, Dalbergia, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuusafirisha kuna makaratasi. Nilimweleza yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu huku anakusanya vumbi jeusi chini ya benchi lake. Akalijaza kwenye ufa, akadondosha gundi ya supa, akasubiri kidogo, akapiga msasa, akasugua na kitambaa. Dakika kumi na tano. Ufa siuoni mpaka leo, na umeshapita baridi nyingine moja.

Kwa anayeniuliza kama anunue: 110 ya kawaida, dola 25 za kupunguza ubapa, na jiwe zuri. Ukitaka S30V, kiwanda chenyewe kimetoa matoleo yenye chuma hicho, hayahitaji fundi wa kati. Cha mpingo sikiuzi, lakini sikinunui tena.

Mjomba alipokea ile ya kawaida kwa mikono miwili, akaifungua, akausikiliza ule mlio mara tatu. Juzi amenitumia picha. Ameng'oa ule mti mweusi wa kiwandani na kuweka mpingo wake mwenyewe, uliokauka.