Chaja ya Ampea 30 Kwenye Gari-Nyumba: Mzunguko Mmoja wa Ziwa Jioni

Habari zenu watazamaji. Jua limeshashuka karibu na maji, na paneli ya sola ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa imeshachoka, maana miale inaipata kwa ubavu tu. Ndiyo maana leo tunachambua gari likitembea. Bidhaa yenyewe ni chaja ya DC kwa DC ya ampea 30, ile inayochukua umeme wa alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) na kuujaza kwenye betri ya ndani, inayolisha vifaa vya nyumba. Je, saa moja ya kuzunguka ziwa inalipia matumizi ya usiku?

Tupige hesabu. Friji ya kompresa ya wati 45, ikinguruma nusu ya muda kwa saa 12, inakula ampea-saa 21 hivi kwenye betri ya volti 12.8 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa nzima). Taa za LED za wati 10 kwa saa nne ni 3. Simu na pampu ya maji, weka 3 nyingine. Jumla 27. Chaja inaahidi 30 kwa saa. Inatosha, ila ziwe ampea 30 za kweli, si za kwenye boksi.

Kinachoziiba mara nyingi ni waya. Ampea 30 kwa volti 14.4 ni wati 432. Chaja yenyewe inapoteza kama asilimia 10, kwa hiyo upande wa kuingilia inavuta karibu ampea 38 kwa volti 12.5. Kama kutoka betri ya injini hadi nyuma ni mita 6, kwenda na kurudi ni 12. Waya wa milimita 6 za mraba utakula volti 1.3 njiani, wa milimita 16 utakula nusu volti. Na chaja hizi ni king'ang'anizi: volti zikipungua inavuta ampea zaidi ili itimize wati zake, waya unapata moto, volti zinashuka tena, mpaka inajizima. Ikipumzika kidogo inawaka upya. Kwa hiyo ukiona taa yake inawaka na kuzima njia nzima, usikimbilie kuirudisha dukani.

Chukua multimita, kile kipimo cha volti. Injini ikiwaka na chaja ikifanya kazi, pima kwenye vichwa vya betri ya injini, kisha pima pale waya unapoingia kwenye chaja. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali panavuja. Anza na eathi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Sogeza kamera hapa: hii bolti imefungwa kwenye chesisi juu ya rangi. Imekaza vizuri, lakini rangi haipitishi umeme, zinazoshika ni nyuzi za bolti peke yake. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, rudisha bolti pamoja na washa (pete ya chuma) yenye meno, kisha paka grisi juu yake.

Fyuzi ni mbili, kwa sababu kila upande una betri yake: ya ampea 60 karibu kabisa na betri ya injini, na ya 40 karibu na betri ya ndani. Fyuzi iliyowekwa karibu na chaja inaacha waya wote wa nyuma yake bila ulinzi.

Halafu kuna waya mwembamba wa kuiamsha chaja, ambao mafundi wengi huuruka. Alteneta za magari mapya hupunguza volti zenyewe ili kuokoa mafuta, pengine hadi 12.5. Chaja inayosoma volti tu hudhani injini imezimwa, nayo inalala. Waya huo uunge kwenye fyuzi inayopata umeme switchi ikiwashwa.

Barabara za kandokando ya ziwa ni kona tupu, injini iko mizunguko ya chini, taa kubwa zimewashwa, feni inapuliza kioo kisipate ukungu. Hapo alteneta inatoa pungufu ya uwezo wake na bado inalisha vyote hivyo. Kwa alteneta ya ampea 90, chaja ya 60 ni ya kuepuka: itavuta zaidi ya 70 peke yake, na alteneta itapikika taratibu. Ya 30 ndiyo saizi yake. Usiifiche chini ya godoro. Ikipata joto hupunguza nguvu yenyewe, na ampea 30 zinakuwa 20.

Mwisho, volti za kuiwekea chaja kulingana na aina ya betri. Lithiamu ya LiFePO4 weka volti 14.2 hadi 14.6, na isichajiwe chini ya nyuzi joto 0. Ya AGM, yaani ya risasi na asidi iliyofungwa, weka 14.4 hadi 14.7, lakini ikivuka asilimia 80 hupokea kidogo kidogo, hivyo saa moja haitaijaza. Mwenye AGM azunguke ziwa betri ikiwa nusu, ndipo atapata ampea zake zote.