Krotoni aina ya Petra: nusura niitupe

Nilinunua krotoni hii kwa tamaa ya macho, sioni haya kusema. Ni ile inayoitwa Petra: jani pana, nene, linang'aa kama limepakwa mafuta, kijani kilichokolea na mishipa iliyochorwa kwa manjano, rangi ya chungwa na nyekundu. Pale kitaluni ilikuwa imesimama katikati ya miche ya kijani kitupu kama bibi harusi aliyekosea nyumba. Muuzaji akaniambia, "Hii haina shida, hata kivulini inakubali."

Hapo ndipo tulipoanza kudanganyana.

Niliiweka sebuleni, kwenye kona, mbali na dirisha. Siku ya nne jani la chini likadondoka. Kufikia siku ya kumi nilikuwa naokota majani kila asubuhi. Nikadhani ina kiu, nikazidisha maji. Kosa juu ya kosa. Krotoni ikihamishwa hununa na kupukutisha majani, na mizizi yake ikikaa kwenye tope huoza. Nikabaki na fimbo tatu zenye kishungi cha majani matano kileleni.

Kabla ya kuitupa, nikakwaruza gome kwa ukucha. Chini ya ganda la kahawia kulikuwa na kijani kibichi, na utomvu mweupe ukachuruzika. Kumbe bado ni hai. (Utomvu huo una adabu yake: unawasha ngozi, na doa lake kwenye nguo halitoki. Shati langu moja sasa ni la bustanini tu. Watoto na mifugo wasiutafune mmea huu.)

Nikaitoa nje, kwanza penye jua la asubuhi pekee, na baada ya wiki mbili nikaisogeza penye jua zaidi. Udongo iliokuja nao ulikuwa mfinyanzi mtupu, ukikauka unakuwa tofali. Nikauondoa, nikachanganya udongo mwepesi, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Siku hizi nachomeka kidole kwanza. Juu pakiwa pakavu ndipo namwagilia, maji yapenye hadi yatokee chini ya chungu.

Wiki ya sita machipukizi yakatokea palepale kwenye makovu ya majani yaliyoanguka. Lakini yalikuwa ya kijani na manjano tu, wekundu hata chembe! Nikaona nimeuziwa aina nyingine. Sivyo: kwa Petra wekundu huja jani linapokomaa, na huja kwa mwanga. Upande wake unaotazama ukuta mpaka leo umepooza, kijani tu. Upande wa jua unawaka. Nageuza chungu kidogo kidogo, maana nikikigeuza mara moja tu inanuna tena.

Wadudu? Wakati wa ukavu utitiri huingia chini ya majani na kuacha utando mwembamba kama wa buibui. Naosha kwa maji yenye sabuni kidogo, jani moja moja, upande wa chini hasa. Kazi ya kuchosha, lakini inafaa. Na kama usiku kwenu joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, usiipande ardhini; asili yake ni nchi za joto, Indonesia na Malaysia hadi kaskazini mwa Australia, baridi haiijui.

Mmea naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na lile shati. Kitalu nakipa mbili, kwa sababu mizizi ilikuwa mizuri na mche haukuwa na mdudu hata mmoja, ila lile neno la kivuli sijalisamehe. Mwezi uliopita nilikata vipandikizi vinne vya sentimita 15, nikaacha utomvu ukauke, nikavichomeka mchangani. Vitatu vimeshika. Cha nne nimegundua juzi nilikipanda kichwa chini.